Jabali la Gibraltar: mizinga ilipigaje chini, na maji ya kunywa yalitoka wapi?

Nahodha wa Nchi Kavu aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mnifungue macho kuhusu lile jabali la Gibraltar, kule Mediterania inapokutana na Atlantiki. Kila nikisoma habari zake nakutana na maneno yaleyale: "ngome isiyoshindika", "mita 426 juu ya bahari", "upande wa mashariki umesimama wima kama ukuta". Sawa, lakini mambo kadhaa hayanikai kichwani.

La kwanza ni mizinga. Mzinga wa karne ya 18 ulitengenezwa kupiga mbele au juu kidogo. Ukiuweka kileleni na adui yuko chini kabisa, unauinamisha vipi bila tufe kuporomoka na kutoka lenyewe kabla baruti haijawashwa?

La pili, yale mahandaki yenye madirisha kwenye uso wa kaskazini. Nani alipanga mchoro wa namna ile, na walitoboaje mwamba bila mashine?

La tatu, maji. Jabali lote ni mawe ya chokaa, hakuna mto. Watu maelfu waliishije pale wakiwa wamezingirwa?

Mwisho, mwenye siku moja tu pale apande kwa njia gani? Na hii habari ya Tariq kuchoma majahazi yake ni ya kweli au ni ya kijiweni?

---

Fundi_Baruti alijibu:

Mkuu, swali lako la kwanza ndilo lililowaumiza vichwa wenyewe. Urefu wa lile jabali ulikuwa faida kwa kuona, lakini kwa kupiga ulikuwa tatizo. Nianze na hilo, maana mahandaki yenyewe yalizaliwa humo.

Mzingiro Mkuu ulianza tarehe 24 Juni 1779 ukaisha tarehe 7 Februari 1783. Wahispania, baadaye wakisaidiwa na Wafaransa, walichimba mahandaki ya vita na kujenga kuta za mizinga kwenye shingo ya mchanga iliyo kaskazini, chini kabisa ya genge. Waingereza, waliokuwa wakilishikilia jabali, waliwaona kila asubuhi wakisogea. Kuwapiga ndiko kulikuwa kazi.

Ukiinamisha mzinga wa kawaida, mambo matatu yanakuharibikia. Tufe ni dogo kuliko kipenyo cha mtutu, kwa hiyo linateleza kutoka, na baruti inalifuata. Hilo linatibika: unashindilia kizibo cha nyuzi za kamba kuukuu juu ya tufe, kikaze hasa. La pili ni teke. Mzinga ukiwa sawasawa, teke lake hurudi nyuma, magurudumu yanabingirika na nguvu inaisha njiani. Ukiuinamisha, teke linaelekea nyuma na juu, kwa hiyo mtutu unanyanyuka na kuangukia kigari chake. Baada ya mapigo machache mbao zinapasuka. La tatu ni kupakia upya: wapakiaji lazima wasimame mbele ya mdomo wa mtutu, na mdomo umetokeza nje ya ukuta, maana yake nao wako wazi kwa risasi za adui.

Luteni George Koehler akatengeneza kigari cha aina nyingine. Alikigawa vipande viwili. Cha chini ni msingi wenye magurudumu. Cha juu ni kitanda kilichoungwa na msingi kwa bawaba upande wa mbele, hivyo ukinyanyua nyuma yake, mbele inainama. Mtutu haukufungwa moja kwa moja kwenye kitanda. Ulikaa juu ya ubao unaoteleza ndani ya kitanda, umeshikwa na chuma kinachouruhusu kuzunguka. Mzinga ukipiga, mtutu na ubao wake vinateleza kupanda kitanda, na teke linaishia kwenye mteremko ule badala ya kupasua mbao. Kwa sababu mtutu unazunguka, wapakiaji waliugeuza pembeni, wakaupakia wakiwa nyuma ya ukuta, kisha wakaurudisha. Pembe ya kuinama ilianzia digrii 20 hadi 70.

Ulijaribiwa tarehe 15 Februari 1782. Matufe 30 yalipigwa kuelekea San Carlos, ngome ya Wahispania, umbali wa kama mita 1,280, na 28 yakatua kwenye ukuta mmoja wa ndani uliokusudiwa. Kwa mizinga ya siku zile hiyo ni shabaha ya kutisha.

Sasa mahandaki. Hakuna aliyekaa na karatasi akachora madirisha. Jemadari Eliott, gavana, alitaka kufikisha mizinga kwenye kibega cha mwamba kilichotokeza upande wa kaskazini, ambacho kutoka nje hakifikiki. Akaahidi dola 1,000 za Kihispania kwa atakayetoa njia. Sajini meja Henry Ince, wa kikosi cha mafundi wanajeshi kilichoundwa palepale Gibraltar mwaka 1772, akasema: tutoboe kwa ndani hadi tukitokee.

Walianza tarehe 25 Mei 1782, watu 13. Handaki lilikuwa na upana wa mita 2.4 na kimo hichohicho. Kwa wiki tano walikwenda mita 25 hivi, yaani karibu sentimita 70 kwa siku. Zana zilikuwa nyundo kubwa, mitarimbo na baruti. Kulikuwa na mbinu nne za kupasua mwamba, kila moja na mahali pake:

Baruti kwenye tundu lililotobolewa kwa mtarimbo. Ina kasi, lakini inajaza moshi.
Moto: unawasha kuni kwenye uso wa mwamba mpaka upate joto kali, kisha unamwaga maji baridi. Mwamba unapasuka kwa kusinyaa ghafla. Unakula kuni, na kuni pale hazikuwa nyingi.
Chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa: unajaza tundu, unatia maji, inavimba na kupasua taratibu.
Kabari za mti mkavu: unazigonga kwenye ufa, unazilowanisha, zinavimba.

Tatizo lililowashika koo lilikuwa hewa. Handaki lenye mdomo mmoja, moshi wa baruti hauna pa kutokea, na mtu anaweza kuzimia humo. Wakaamua kutoboa tundu kwenye ukuta wa nje ili wapumue. Tundu lilipofunguka, wakachungulia na kuwaona Wahispania miguuni pao. Pale ndipo akili ilipowajia kwamba tundu la hewa ni tundu la mzinga. Mzinga ukawekwa hapohapo bila kungoja kufika kule kwenye kibega, na kuanzia hapo kila hatua kadhaa wakatoboa dirisha jingine.

Watu wengi hukosea sehemu moja. Hudhani jabali lilikuwa limetobolewa kama mzinga wa nyuki wakati wa mzingiro ule. Sivyo. Vita vilipokwisha mwaka 1783 handaki lilikuwa na mita 113 tu na mizinga minne. Kibega chenyewe walikifikia baada ya amani. Ndani yake kuna chumba kinachoitwa Ukumbi wa Mtakatifu George, chenye nafasi ya mizinga saba.

---

Kaskazi_na_Kusi alijibu:

Fundi kamaliza la mizinga. Mimi naingia kwenye jina, maana hapo sisi waswahili tuna urahisi ambao wengine hawana.

Gibraltar ni Jabal Tariq lililosagwa na ndimi za Wahispania. Kwa Waarabu jabal ni mlima. Neno lilipofika kwetu likawa jabali, likabana maana yake kuwa mwamba mkubwa. Pale maana zote mbili zinakaa bila kugombana. Kabla ya hapo Wagiriki na Warumi waliuita Calpe, na kwao ulikuwa moja ya Nguzo za Herakle, shujaa wa hadithi zao. Ng'ambo ya pili, upande wa Morocco, uko Jebel Musa, na huyo Musa anayetajwa ni Musa ibn Nusayr, mkubwa wake Tariq. Mkuu wa kikosi na bosi wake wanatazamana mpaka leo.

Tariq ibn Ziyad alivuka mwaka 711. Mwaka mmoja nyuma, 710, Tarif ibn Malik alikuwa ametangulia kupeleleza, na mji wa Tarifa umebeba jina lake. Kuhusu kuchoma majahazi: maandishi ya karibu na tukio hayaitaji habari hiyo. Inajitokeza karne kadhaa baadaye, na ile hotuba ya "bahari iko nyuma yenu, adui yuko mbele yenu" kwa maneno tunayoyajua imeandikwa baadaye zaidi. Isome kama fasihi. Ukifikiria kivita pia haina mantiki: jeshi linalotegemea kuongezewa watu kwa bahari linachomaje vyombo vyake?

Jambo jingine ambalo husahauliwa: Tariq hakujenga mji pale. Mji ulianzishwa mwaka 1160 kwa amri ya Abd al-Mu'min, khalifa wa Muwahidun, dola ya Kiislamu ya Morocco, ukaitwa Madinat al-Fath. Wakastilia, watu wa ufalme wa Kikristo wa Hispania, waliuchukua mwaka 1309, Wamarini, watawala Waislamu wa Morocco, wakaurudisha mwaka 1333, Wakastilia wakauchukua tena mwaka 1462. Ule mnara mnene unaouona juu ya mji, wenye makovu ya matufe, ni wa baada ya 1333. Waingereza na Waholanzi waliingia mwaka 1704, na Mkataba wa Utrecht wa 1713 ukawaachia Waingereza. Mgogoro na Hispania juu ya maneno ya mkataba ule haujafungwa.

---

Nahodha wa Nchi Kavu aliandika:

Shukrani sana wakuu. Fundi, nikudake hapo: kuna zile meli za Wahispania zilizosemwa haziungui wala kuzama. Ziliunguaje? Na bado la maji halijaguswa.

---

Fundi_Baruti alijibu:

Zile ni ngome zinazoelea, zilikuwa 10. Mbunifu wake alikuwa mhandisi Mfaransa, d'Arçon. Alichukua meli kuukuu, akaongeza unene wa mbao upande mmoja tu, ule utakaoelekea jabali, akaweka paa la mteremko ili matufe yateleze. Ndani ya mbao alitaka mchanga uliolowa na maji yanayosukumwa kwa pampu, ili mbao zibaki na unyevu muda wote. Wazo zuri. Utekelezaji ndio uliomwangusha, maana mpango wa maji haukufanya kazi alivyokusudia. Maji yakivuja ndani ya meli ya mizinga yanalowanisha baruti, na baruti mbichi haikusaidii kitu.

Tarehe 13 Septemba 1782 zikatia nanga mbele ya ukuta wa magharibi. Saa za mwanzo matufe ya kawaida yaligonga na kudunda. Ndipo Waingereza wakaleta matufe mekundu kutoka tanurini. Askari waliyaita viazi vya kuchoma.

Utaratibu wake ni huu, na ukikosea hatua moja unajilipua mwenyewe. Kwanza mfuko wa baruti unaingia hadi mwisho wa mtutu, na lazima usivuje hata chembe njiani. Juu yake kizibo kikavu, kilichoshindiliwa. Juu ya kikavu, kizibo kilicholoweshwa na kukamuliwa, au udongo wa mfinyanzi. Kisha mtutu unaelekezwa shabaha *kabla* tufe halijaingia, kwa sababu likishaingia huna muda wa kupima. Tufe linaletwa kwa koleo au kibebeo cha chuma, linasukumwa ndani, kizibo kingine kibichi juu yake kama mtutu umeinama, na unawasha mara moja. Ukichelewa, kizibo kibichi kinakauka, kinaungua, na mzinga unajipiga wenyewe.

Kuna na kasoro ya vipimo. Tufe la ratili 24 lina kipenyo cha kama milimita 141, na mtutu wake milimita 148. Chuma kikiwa chekundu huvimba kwa takriban sehemu moja katika mia, yaani milimita moja na nusu hivi. Bado linaingia. Lakini likiachwa tanurini mpaka linakaribia kuyeyuka, linapata magamba na kupoteza umbo, likikwama katikati ya mtutu wenye baruti hapo mna msiba.

Kwa nini mbao nene hazikusaidia? Tufe jekundu halihitaji kupenya hadi ndani. Linazama kwenye mbao, linakaa humo likiunguza taratibu kama kaa ndani ya majivu. Mabaharia wanamwaga maji juu, moshi unatulia, wanadhani umekwisha, kumbe uko kiganja kizima ndani. Alasiri moshi ulikuwa unatoka mahali pengi kuliko ndoo zilizokuwapo. Usiku zikaachwa, na kufikia kesho yake hakuna hata moja iliyosalia. Waingereza walihesabu mapigo zaidi ya 8,300 siku ile, zaidi ya nusu yakiwa matufe ya moto.

Njaa na kiseyeye viliwatesa wenyeji wa jabali kuliko mizinga. Waliokolewa na misafara mitatu ya meli za Kiingereza, kila mmoja na admirali wake: ya Rodney Januari 1780, ya Darby Aprili 1781, ya Howe Oktoba 1782. Katikati yake, Oktoba 1780, walikamata jahazi la Denmark lililobeba malimau na machungwa kutoka Malaga, na wagonjwa wa kiseyeye wakaanza kunyanyuka vitandani. Maji ya limau yaliyobaki yalichanganywa na brandi ili yasioze.

---

Mama Ramani alijibu:

La maji naomba nilichukue mimi, ndugu Nahodha, maana huwa linapitiwa harakaharaka kama si historia.

Jiwe la chokaa halishiki maji juu. Mvua inaingia kwenye nyufa, inakula jiwe polepole, na matokeo yake ni mapango zaidi ya 150 ndani ya jabali moja. Kwa hiyo kisima cha juu hakuna. Zamani walitegemea visima vya chini kwenye mchanga, maji ya mifereji yaliyokusanywa upande wa kusini, na kila nyumba kuwa na birika chini ya sakafu linalojazwa na maji ya paa. Askari walipoongezeka, hayo hayakutosha, na maji ya visima vya karibu na bahari yana chumvi.

Mwishoni mwa karne ya 19 walianza kuchimba mabirika makubwa ndani ya mwamba wenyewe. Faida ni mbili: kuna giza, kwa hiyo hakuna ukoga, na maji yanabaki baridi. Halafu kuanzia mwaka 1903 wakageukia upande wa mashariki. Pale kuna mteremko mkubwa wa mchanga wa kale uliobebwa na upepo ukaegemea genge. Wakapigilia nguzo za mti kwenye mchanga, wakaunganisha mbao juu yake, wakatandika mabati. Mlima mzima ukawa paa. Kazi iliendelea kwa miaka mingi hadi eneo likafika karibu mita za mraba 130,000.

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10 juu ya paa lile ni lita milioni 1.3 kabla ya kupunguza inayopotea kwa kuruka na kukauka. Maji yalishuka hadi mfereji ulio chini ya mabati, yakapitishwa ndani ya jabali kwa handaki, yakaingia mabirikani.

Kasoro zake? Kiangazi pale ni kikavu, Juni hadi Agosti unaweza usione mvua ya maana, kwa hiyo birika lazima lishibe wakati wa baridi likuvushe miezi yote hiyo. Mbao zinaoza chini ya bati bila wewe kuona. Hewa ya chumvi inakula misumari kwanza, bati baadaye, na upepo wa mashariki ukikamata bati lililolegea unaling'oa. Na shakwe wako kila mahali, kwa hiyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha uchafu wa miezi kadhaa.

Siku hizi maji ya kunywa yanatokana na bahari, yanaondolewa chumvi mitamboni. Mabati yaling'olewa mwanzoni mwa karne hii na mteremko ukapandwa tena mimea ya asili. Mpaka leo mji una mabomba ya aina mbili: ya maji matamu, na ya maji ya bahari kwa ajili ya vyoo na kuzima moto. Ukifika usishangae.

---

Jiwe la Pembeni alijibu:

Niongeze ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu Fundi ameishia 1783 na mahandaki mengi ni ya baada ya hapo. Raia walihamishwa mwaka 1940, wengi wakapelekwa Uingereza, wengine Jamaika na Madeira. Jabali likageuzwa mji wa chini ya ardhi uliokusudiwa kulisha watu 16,000 kwa miezi 16: hospitali, tanuri za mikate, mitambo ya umeme, maghala. Leo mahandaki yote yanazidi kilomita 50, yaani barabara za ndani ni ndefu kuliko za nje. Wahandisi wa Kanada walileta keekee zenye meno ya almasi, na kifusi kilimwagwa baharini kurefusha njia ya ndege. Ndiyo maana uwanja wa ndege umetokeza kwenye ghuba kama ulimi. Novemba 1942 Eisenhower, jenerali wa Marekani, aliongoza kutua kwa majeshi Afrika Kaskazini akiwa ndani ya mahandaki hayo.

Kuna na chumba cha siri kilichoandaliwa watu sita wafungiwe humo kwa mwaka mzima, wachungulie meli kupitia matundu kama Wajerumani wangeliteka jabali. Hawakuliteka. Chumba kiligunduliwa mwaka 1997.

---

Mama Ramani alijibu:

Kwa ya kupanda, kama una siku moja na magoti mazima, chukua ngazi za Mediterania. Zinaanzia Jews' Gate upande wa kusini, kwenye kimo cha karibu mita 180, zinazunguka upande wa mashariki na kukutoa kwenye ngome ya O'Hara karibu na mita 420. Njia ni fupi, kama kilomita moja na nusu, lakini weka saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Ilichongwa na wanajeshi kufikia vituo vyao vya ulinzi, hawakuwa wanafikiria matembezi ya jioni.

Panda kwa njia hiyo, usishuke nayo. Vidato havilingani, vingine vinafika nusu ya goti, na chokaa iliyokanyagwa miaka mingi inang'aa kama sabuni ikilowa. Mvua ikinyesha ahirisha. Kiangazi, asubuhi jua linakupiga usoni upande ule wa mashariki na mwamba unarudisha joto. Baada ya saa nane mchana genge lenyewe linakutilia kivuli. Beba lita mbili za maji, njiani hakuna bomba. Majira ya kuchipua ya kule, shakwe wanalea makinda na watakupigia kichwa, kofia inatosha.

Tazama mawingu kabla ya kutoka. Ukiona jabali limevaa wingu kama kilemba lililoelekea mjini, huo ni upepo wa Levanter. Hewa yenye unyevu kutoka mashariki inagonga genge, inapanda, inapoa, inageuka wingu hapohapo kileleni. Pwani zote mbili za jirani zinaweza kuwa na jua kali na wewe juu usione hata kidole chako. Kupanda siku hiyo ni jasho la bure.

Kwenye O'Hara kuna mzinga wa inchi 9.2 uliofikisha risasi zaidi ya kilomita 26, yaani hadi ng'ambo Afrika. Ukiwa njiani tafuta pete nene za chuma zilizopigiliwa mwambani. Kamba zilipitishwa humo kuvuta mizinga juu. Jenerali O'Hara mwenyewe alijenga mnara pale akidhani ataona meli za Wahispania zilizoko Cádiz. Milima ilikuwa katikati. Ramani ingemwambia bure.

Shuka kwa lami hadi pango la Mtakatifu Michael, kisha kaskazini hadi mahandaki ya Ince, malizia kwenye mnara wa Wamarini, kutoka hapo ni ngazi za mji tu. Eneo la juu ni hifadhi, kuna tiketi.

Kuhusu kima wale wasio na mkia: kuwalisha ni kosa na kuna faini. Hawana haja ya kukuogopa. Wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki, na zipu za begi wanazifungua. Chakula kiwe ndani kabisa ya begi, begi likiwa kifuani. Akikurukia mabegani usimvute, inama taratibu mpaka ashuke mwenyewe. Akikuonyesha meno hatabasamu.

---

Kaskazi_na_Kusi alijibu:

Ukitoka kwa miguu kuelekea mpakani, geuka uangalie chini ya uso wa kaskazini. Kwenye machimbo ya Forbes palitolewa fuvu lililoonyeshwa kwa wanachama wa chama cha sayansi cha pale mwezi Machi 1848. Lilikuwa la mwanamke wa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliotoweka, miaka minane kabla ya mifupa ya bonde la Neander iliyowapa jina. Hakuna aliyejua ameshika nini, likawekwa kabatini. Mapango ya Gorham upande wa mashariki, waliyoishi watu wa jamii hiyo, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016.

Na njiani utavuka uwanja wa ndege kwa miguu. Magari yamepewa handaki lao tangu 2023, wapita kwa miguu bado wanakatiza juu ya njia yenyewe. Taa ikiwaka nyekundu, simama, ndege inakuja.